Jedwali la EC ni zuri, ila usilisome peke yake

Ukiuliza watu wa umwagiliaji ni chumvi kiasi gani kwenye maji inadhuru mazao, wengi watakutajia namba bila kujua zilikotoka. Chanzo ni kitabu cha FAO namba 29, cha Ayers na Westcot, kilichotoka 1976 na kurekebishwa 1985. EC chini ya 0.7 dS/m, hakuna shida. Kati ya 0.7 na 3.0, kuwa mwangalifu. Zaidi ya 3.0, hatari.

Kitabu chenyewe nakipenda, kimeandikwa kwa ajili ya mtu wa shambani. Lawama yangu ni kwamba Jedwali la 1 limekuwa maarufu kuliko kitabu.

Kwanza, EC inapima wingi wa chumvi, haikwambii ni chumvi gani. Kipimo chako cha mfukoni hakijui kama ni kalsiamu au sodiamu. Sasa shuka mistari michache kwenye jedwali hilohilo: maji yenye SAR ya 6 hadi 12, yaani sodiamu nyingi, yakiwa na EC chini ya 0.5, udongo unaziba na maji hayazami. Umeona? EC ya 0.4 juu ni salama, chini ni hatari kubwa. Mwenye kipimo tu anaona nusu ya habari.

Pili, udongo. Kitabu kinasema mavuno ya maharage yanaanza kushuka EC ikipita 1.0, mahindi 1.7. Namba hizo ni za maji yaliyokamuliwa kwenye tope lililoshiba, kazi ya maabara. Wengi wetu tunachanganya udongo sehemu moja na maji sehemu tano, tunachovya kipimo. Ni kama kujaza maji kwenye chai halafu useme haina sukari.

Nilifanya hivyo mwaka wa kwanza wa masters. Nikasoma 0.4 kwenye shamba la maharage, nikasema, "Mama, uko salama." Kwa tope lililoshiba ingekuwa mara kadhaa zaidi. Ilibidi nirudi kumwomba radhi, na maharage alikuwa ameshapanda.

Waandishi waliweka masharti, mfano kwamba angalau asilimia 15 ya maji yapite chini ya mizizi na kuondoka na chumvi. Lakini waliyaweka nje ya jedwali, na anayelipiga picha kwa simu anayaacha. Ningekuwa mhariri, ningeyachapa juu kabisa.

Kwa hiyo kabla hujamwambia mtu "salama", jiulize: nimepima nini, kwa njia gani, na sodiamu je?