Baada ya Oparesheni, Dawa Iyatangulie Maumivu

Ifakara ina rekodi nzuri ya kuusogeza upasuaji wa uzazi karibu na mama. Kituo cha mafunzo cha TTCIH, kinachofanya kazi bega kwa bega na Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, kilifundisha madaktari wasaidizi na watoa ganzi kwa miezi 3, wakarudi vituo vya afya kufanya kazi iliyodhaniwa ni ya bingwa peke yake. Nadhani tiba ya maumivu inaweza kufuata njia hiyohiyo, tena kwa urahisi zaidi, kwa sababu kinachohitajika hapa ni ratiba kuliko dawa kali.

Ganzi ya mgongo anayopewa mama kwa upasuaji huo huisha baada ya saa 2 au 3 hivi. Mazoea ya wodi nyingi ni kusubiri mama alalamike, ndipo achomwe pethidini au diklofenaki. Kufikia hapo maumivu yameshachachamaa, na kuyatuliza kunadai dawa nyingi zaidi. Utaratibu wa kuchanganya dawa huanza ganzi ingali inafanya kazi. Parasetamo gramu 1 hutolewa saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni na saa 6 usiku. Diklofenaki miligramu 50 saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Parasetamo hufanya kazi zaidi kwenye ubongo na uti wa mgongo, diklofenaki hupunguza kemikali za uvimbe kwenye mshono na kwenye mji wa mimba unaojikaza kurudi. Kwa kuwa kila moja ina njia yake, zikiwa pamoja hutuliza kuliko kila moja peke yake, na dawa za jamii ya mofini hubaki akiba ya maumivu yanayopenya. Akiba hiyo ina maana: mabaki ya pethidini hukaa muda mrefu mwilini mwa kichanga, na mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya dhidi ya tramado na kodeini kwa wanaonyonyesha.

Wapo wanaoihofia diklofenaki, na hofu yao ina msingi. Mama aliyepoteza damu nyingi, mwenye figo zenye shida au vidonda vya tumbo, asipewe. Lakini hiyo ni sababu ya kumchuja mgonjwa mmoja mmoja, si ya kuinyima wodi nzima. Hoja ya uchache wa wauguzi naiona imegeuzwa kichwa chini: vidonge vinavyogawiwa kwa mzunguko mmoja humchosha muuguzi wa zamu kidogo kuliko kuitwa kitanda hadi kitanda usiku kucha. Na ile ya kwamba mwanamke ajikaze haistahili jibu refu. Anayeumwa hageuki kitandani, haamki kutembea, na damu yaweza kuganda miguuni. Kumpakata mtoto anyonye nako kunamshinda.

Pengo kubwa liko kwenye ruhusa. Anayevuka Daraja la Magufuli kurudi Ulanga siku ya 3, kisha barabara ya vumbi, mshono wake bado mbichi. Parasetamo na diklofenaki za siku kadhaa, na saa za kumeza zikiwa zimeandikwa kwenye bahasha, ziandaliwe kabla ya karatasi ya ruhusa kusainiwa.