Ngalawa ya Ndala

Mtoto wa pwani ya Pemba anapounda ngalawa yake ya kuchezea, huanza kwa kuokota. Ndala kuukuu iliyosukumwa na maji hadi ufukweni humfaa sana: ni laini, inaelea, na wembe unaikata bila taabu. Huichonga omo ikachongoka, tezi akaiacha pana. Mirengu ni vijiti viwili vilivyopitishwa ubavuni, na kila upande huning'inizwa kipande cha ndala ya pili. Tanga ni kitambaa chakavu, foromali ni chelewa.

Kisha anaitia majini, nayo inamgomea. Hapo ndipo ninapopenda kumtazama. Mlingoti ukikaa nyuma mno, omo hugeukia upepo na chombo husimama. Hakuna aliyemfundisha hayo kwa maneno. Anakitoa, anatoboa tundu jingine mbele kidogo, anaupachika mlingoti upya, anafupisha demani, anarudi. Mara hii ngalawa inalala upande mmoja. Anakata kipande kinene zaidi cha kuelea, anajaribu tena. Haoni haya hata kidogo kubomoa alichokijenga.

Mtu mzima aliye karibu naye ana ufundi wake pia, nao ni mgumu kuliko wa kuchonga: kunyamaza. Baba aliyekulia baharini anaiona kasoro kabla chombo hakijagusa maji, na mkono unamuwasha. Akiinyoosha yeye, ngalawa itakwenda vizuri, lakini itakuwa yake. Bora aulize, "Mbona inageuka, mwanangu?" kisha amwachie. (Wembe, naam, autazame kwa jicho kali.) Bibi anayesuka ukili ukumbini hufanya vivyo hivyo anapompa mjukuu chane chache za ukindu. Ukili wa kwanza hutoka umepinda, huku mpana, kule mwembamba. Bibi mwenye subira haufumui.

Darasani, jambo hili la kumwachia mtoto ajaribu mwenyewe lina historia. Mpango wa elimu ya awali wa madrasa ulioanzia Mombasa miaka ya 1980, ambamo Bi Swafiya Said alikuwa mwalimu na mkufunzi, ulifika Zanzibar mwaka 1990. Walimu wake hutengeneza vifaa kwa vitu vilivyopo: vifuu, makumbi, mbegu, vizibo vya chupa. Mtoto hupewa nafasi ya kuchagua kona ya kuchezea na kueleza alichofanya. Naustahi sana uamuzi huo, kwa sababu haukungoja vifaa vya kununuliwa.

Bado kuna madarasa ambamo mwalimu huchora jahazi ubaoni na watoto wote wakalinakili, na aliyetia matanga mawili akaambiwa amekosea. Linaniuma hilo. Huenda mtoto huyo ameona chombo chenye matanga mawili, au amefikiri kitakwenda mbio zaidi. Aulizwe kwanza.

Skuli zilizo karibu na bahari zina vifaa vya wiki nzima ufukweni: ndala, vijiti, makumbi, kamba zilizokatika. Mwalimu awapeleke watoto maji yanapokuwa shwari, awagawe wawili wawili, kila jozi iunde chombo chake. Mashindano ya kwanza yakiisha, asitoe zawadi bado. Awape nafasi ya kubadili wanachotaka, halafu washindane tena, na kila jozi ieleze ilichosogeza na kwa nini.