Paulo Alipoomba Mchango

Tukisoma Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 8 na ya 9, tunamkuta Paulo akiomba mchango kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu. Anajua kushawishi. Anawasifu Wamakedonia waliotoa katika umaskini wao, kisha anawadokezea Wakorintho aibu itakayowapata wasipokuwa tayari. Tukiri kwamba maneno hayo yanabana.

Lakini tuangalie mambo mawili. Kwanza, anasema wazi kuwa hatoi amri. Kila mtu aamue mwenyewe bila kulazimishwa. Pili, anamtuma Tito pamoja na ndugu wengine wawili, ili mtu asipate la kulaumu katika fedha hizo.

Nasi je? Tunauita mchango "mbegu", tunasoma ibadani majina ya waliotoa na kiasi walichotoa, na mjane mwenye shilingi 200 anainamisha kichwa. Mapato na matumizi tunayapitia haraka, au hatuyataji kabisa. Kwa Paulo tumejifunza kubana, tukaacha kutoa hesabu. Anayeomba kwa jina la Bwana na awe wa kwanza kufungua daftari.