"Basi Anayeumwa Nani?" Maoni juu ya Saikosinthesisi ya Assagioli



Siku hizi naona kitabu cha Roberto Assagioli, Psychosynthesis (1965), kinapita mikononi mwa wenzetu, khasa wale waliosomea ushauri nasaha huku Ulaya na Marekani. Wanakisifu kuwa hatimaye ndicho kitabu cha tiba ya nafsi kinachomkubali binadamu mzima, na roho yake imo. Nami nimekisoma, tena mara mbili, na nina la kusema. Lakini nianze na kisa, maana ndicho kilichonirudisha kwenye kitabu mara ya pili.

Mie hujitolea kuwa mkalimani wa wazee wetu hapa Uingereza. Siku moja nilimsindikiza bi mkubwa mmoja, mtu wa Unguja, umri wake miaka 70 na ushei. Halali, hali, na akianza kuzungumza machozi yanamtoka. Mshauri aliyempokea, binti mpole wala sina ugomvi naye, akajaribu zoezi linalotokana na njia hii ya Assagioli. Mtu anakaa kimya, anajiambia kwa utaratibu kuwa mwili anao lakini yeye siye mwili huo. Hisia anazo lakini yeye siye hisia zake. Akili anayo lakini yeye siye akili yake. Mpaka abaki na kile tu kinachoyatazama yote hayo, yaani nafsi tupu. Nikatafsiri, kwa taabu kubwa. Bi mkubwa akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza mimi, si yule binti:

"Mwanangu, kama mie si mwili wangu, wala si moyo wangu, wala si akili yangu, basi anayeumwa nani?"

Nikakosa jibu. Akaendelea: "Mwambie dada yangu kafa Unguja na mie sikumzika. Hilo ndilo linaloniuma."

(Amenipa ruhusa nisimulie haya. "Waeleze," alisema, "ila usinitaje.")

Sasa tumtendee haki Assagioli, maana ni rahisi kumcheka mtu ambaye hujamsoma. Alizaliwa Venice mwaka 1888 katika familia ya Kiyahudi, akasomea udaktari Florence, na alikuwa miongoni mwa Wataliani wa mwanzo kabisa kuufuata uchambuzi wa nafsi wa Freud. Lakini hakukaa humo. Lalamiko lake ni kwamba Freud alishughulika na ghorofa ya chini ya nyumba tu, kwenye giza na vitu vilivyofichwa, hali yeye alitaka nyumba nzima, pamoja na dari na paa ambako mtu huliona jua. Enzi ya Mussolini alitiwa gerezani Roma, na baadaye akaandika namna alivyoigundua huko huko gerezani hiari aliyobaki nayo: hiari ya kuchagua ataikabilije hali yake. Kwa hiyo anaposema juu ya irada ya mtu, hasemi maneno ya kitabuni tu.

Mchoro wake mashuhuri ni yai. Chini yamo mambo ya giza, hofu na matamanio. Katikati maisha ya kila siku. Juu yamo upendo, sanaa, ibada, na yale yanayomwita mtu awe bora. Katikati ya yai kuna "mimi", na kileleni kuna Nafsi ya Juu. Kazi ya tiba ni kuyakusanya yote hayo kwenye kitovu kimoja. Na jambo moja nalivua kofia: katika kila zoezi anaeleza lifanyweje, linamfaa nani, na nani ASIFANYIWE. Jamani, ni waganga wetu wangapi wanaoanza kwa kusema nani wasimtibu? Vile vile anaonya kuwa misukosuko inayomfika mtu anapoamka kiroho inaweza kufanana kwa dalili na maradhi ya kawaida ya akili, wakati sababu zake si moja, na tiba yake isiwe moja. Onyo hilo lingeokoa watu wengi kwetu, ambako kila anayelia usiku ama ana jini, ama ni mwendawazimu, na hakuna la tatu.

Pamoja na hayo, nina pingamizi tatu.

Ya kwanza ni ya lugha, na msidhani ni mas-ala madogo. Assagioli anatenganisha hisia na irada. Hisia mtu aziweke kando, irada aibakishe, maana ndiyo iliyo karibu zaidi na "mimi" wake, na mwaka 1973 akaitungia kitabu chake pekee. Lakini kwa Kiswahili vyote viwili vinakaa nyumba moja: MOYO. Moyo ndio uliovunjika, na moyo ndio tunaomtia mtu ili asimame. Tunasema "ana moyo" tukimaanisha ujasiri na irada. Basi ukimwambia Mswahili ajitenge na moyo wake, umemnyang'anya kile kile ambacho Assagioli alitaka kumwachia. Kosa si la bi mkubwa kutofahamu. Alifahamu vizuri kuliko mie niliyekuwa nikitafsiri.

Mwangalieni Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir katika Al-Inkishafi. Naye anataka kujitoa katika ghururi ya dunia. Lakini anafanyaje? Anausemesha moyo wake, anaukaripia, anaubembeleza kama mwenzi aliyepotea njia, anaupeleka kwenye magofu ya Pate ujionee wenyewe. Hautupi. Na magofu yale yalikuwa majumba ya watu waliojulikana.

Hapo ndipo pingamizi langu la pili. Katika lile yai, wanadamu wengine wako wapi? Wako nje. Ni kweli Assagioli aliuchora mzingo wake kwa nukta, kuonyesha kuwa ya ndani na ya nje yanapenyezana, na aliandika pia juu ya kuunganisha mtu na mtu. Lakini mazoezi yenyewe, ukiyatazama, mengi ni ya mtu aliyekaa peke yake na macho ameyafumba. Sasa bi mkubwa wetu alikuwa anaumwa nini? Hakuumwa na kitu kilichomo ndani ya yai lake. Aliumwa na deni: maiti ya dada yake iliyooshwa na mikono isiyokuwa yake. Ugonjwa wake ulikuwa KATI ya watu wawili, na sisi wageni huku ng'ambo wengi tunaumwa hapo hapo. Tiba inayomfundisha atazame maumivu yake kwa mbali inaweza kumwongezea umbali, naye ni umbali ndio uliomuua.

Ya tatu, hii roho ya Assagioli ina anwani gani? Yeye mwenyewe alifanya kazi kwa karibu na Alice Bailey, mwandishi wa elimu za siri zenye asili ya Theosofia, na akaweka anachokiita ukuta wa kimya baina ya mambo hayo na saikosinthesisi. Sababu yake inafahamika: alitaka madaktari wamsikilize. Lakini mgonjwa ananyweshwa maji bila kuambiwa kisima. Kwetu mtu akiingia katika zikri anamjua sheikh wake, na sheikh ana silsila, na akipotoka wapo wa kumwuliza. Najua wapo mashekhe wanaoitumia heshima hiyo vibaya, wanaolipisha fedha nyingi na hata kupiga wagonjwa ati wanamtoa jini. Lakini angalau unajua umshitaki nani.

Basi tukitupe kitabu? La. Nnachosema ni kwamba tusikipokee kama watu waliokuwa hawana kitu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alitunga kitabu kimoja chenye sehemu mbili, moja ya afya ya miili na moja ya afya ya nafsi, akaeleza kuwa nafsi ina dawa ya ndani, nayo ni fikra anazojiwekea mtu mwenyewe, na dawa ya nje, nayo ni maneno ya watu wengine. Marehemu Malik Badri, msomi wa Sudan, ndiye aliyeitafsiri kwa Kiingereza ile sehemu ya nafsi, na tangu 1979 alikuwa akiwaonya wanasaikolojia wa Kiislamu wasimeze kila kinachotoka Magharibi bila kutafuna. Assagioli anayo dawa ya ndani, tena nzuri. Dawa ya nje ndiyo iliyompungua.

Nirudi kwa bi mkubwa. Nilipomtafsiria yule binti habari za dada, akaliweka zoezi kando, tena kwa adabu kubwa, akauliza: "Alikuwa anaitwa nani? Alikuwa mtu wa namna gani?" Bi mkubwa akazungumza dakika 40. Jumapili ile wanawe wakakusanya watu, ikasomwa khitma. Hakupona siku ile, nisiwadanganye. Vidonge anameza na miadi ya kliniki anakwenda, na mie humwambia asiache. Ila sasa analala.

Mwanzoni nilidhani swali lake ni la mtu asiyeelewa. Leo naona ndilo uhakiki mzuri kabisa wa kitabu hiki niliousikia, na hakuusoma hata ukurasa mmoja.

Wanasaikolojia na wanaisimu mliomo humu, nisaidieni: zoezi lile mngelitafsirije ili moyo usitupwe? Nakubali kukosolewa.

Wasalaam.