Mtoto Asiye na cha Kulipa

Usonji hauonekani kwa macho. Mwenye ualbino hujulikana kwa ngozi, na kiwete kwa mwendo. Lakini mtoto mwenye usonji ana viungo vyake vyote. Basi watu wakimwona ameziba masikio arusini, au haitikii akiitwa, husema kwamba hakufunzwa adabu, au kwamba ana pepo. Kumbe ubongo wake umekua kwa njia nyingine tangu uchanga, wala mamaye hakukosa neno. Vitabu na sinema vyaweza kutuingiza mahali hapo macho yasipofika, ila si vyote vitusaidiavyo sawasawa.

Tutazame kwanza "Takadini", kitabu cha Ben J. Hanson, kilichosomwa sana katika shule za sekondari za Tanzania. Hakisemi habari za usonji, bali za mtoto mwenye ualbino ambaye mila ilitaka auawe. Mamaye, Sekai, akakimbia naye hata kijiji cha ugenini. Huko Takadini afundishwa kupiga mbira na Kutukwa, aliye kiwete. Habari hii twaipenda. Lakini twaona kwamba msomaji humkubali Takadini upesi zaidi kwa sababu amekuwa fundi wa mbira.

Sinema ya Marekani iitwayo "Rain Man", ya mwaka 1988, yazidi katika hayo. Raymond, mtu mzima mwenye usonji, ana akili ya hesabu ya ajabu. Nduguye ampeleka Las Vegas kuhesabu karata, wakapata fedha nyingi. Dustin Hoffman aliigiza vizuri mno, akatuzwa Oscar. Hata hivyo wengi walidhani kila mwenye usonji ana kipawa namna ile, na sivyo; walio nacho ni wachache. Hata Kim Peek, ambaye kumbukumbu yake ndiyo iliyompa mtunzi wazo lake, madaktari walisema baadaye kwamba hakuwa na usonji. Je, mama ambaye mwanawe hasemi, hahesabu pishi, wala hachambui karafuu na makonyo, amwonyeshe jirani nini? Hadithi hizi mbili hazimpi jibu.

Kwa hiyo sisi twaichagua "The Reason I Jump", sinema ya mwaka 2020, iliyotokana na kitabu alichokiandika Naoki Higashida wa Japani alipokuwa na miaka 13. Humo mna vijana wa India, Uingereza, Marekani na Sierra Leone, nasi twasikizishwa sauti kama wazisikiavyo wao, hata mvumo wa sanduku la umeme. Binti wa Freetown hafanyi ajabu lolote. Watu walimnenea ushetani. Wazazi wake hawakumficha, bali walishughulika hata shule ya watoto kama yeye ikafunguliwa. Hakuna aliyemdai alipe kwa kipawa.

Kasoro ni kwamba sehemu ile ya Freetown ni fupi. Sisi walimu tungalipenda kuketi zaidi katika darasa lile, tuone mwalimu afanyaje wenzake wanapoitikia kwa pamoja naye aziba masikio.