Kibanja, Omusiri na Kumbukumbu ya Kompyuta: Uhakiki wa Istilahi

Makala haya yanahakiki istilahi ya kumbukumbu inavyotumika kufundishia utunzi wa programu za mifumo. Hoja inayotetewa ni kwamba istilahi hiyo, ingawa imezoeleka, inaficha maswali mawili ambayo mtunzi wa programu hana budi kuyajibu: nani anagawa nafasi, na nafasi hiyo itarejeshwa lini? Jambo OpenOffice ya mwaka 2004, iliyotokana na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilimlenga mtumiaji wa kawaida, ambaye maswali hayo hayamgusi.

Katika Kiswahili, kumbukumbu ni kile kinachobaki baada ya tukio kupita. Nafasi ya kompyuta, kinyume chake, hutengwa, hutumiwa na kurejeshwa. Msamiati wa ardhi wa Bukoba na Muleba unaibainisha tofauti hii vizuri zaidi. Kibanja cha Mhaya hurutubishwa kwa samadi na kurithishwa. Omusiri hulimwa kwa muda katika mbuga ya orweya, kwa mfano kwa njugumawe, kisha hupumzishwa. Kigawaji maalumu cha kumbukumbu hufanya uchaguzi wa namna hiyo: data za muda mfupi huweza kuwekwa katika eneo moja, kisha eneo lote likaachiliwa kwa mkupuo.

Kibanja kinafafanua pia tupoli, yaani mfuatano wenye idadi maalumu ya viambajengo ambavyo vyaweza kuwa vya aina tofauti. Migomba, mibuni na maharage huishi katika shamba moja, kila zao na mahitaji yake. Katika lugha ya C++, tupoli iliyosanifishwa mwaka 2011 haina kigawaji chake yenyewe. Ikipewa kimoja wakati wa kuundwa, hukipitisha kwa viambajengo vyake. Kiambajengo kisichojua kukitumia huundwa bila hicho, pasipo kosa lolote kutangazwa. Hivyo mwanafunzi aweza kudhani data zake zote zimo katika eneo alilolichagua, kumbe baadhi zimo kwingine.

Sitiari hii ina mipaka yake. Ardhi huchoka, nafasi ya kompyuta haichoki. Aidha, mkulima anajua kwamba ameuacha omusiri. Kielekezi hakijui kwamba eneo lake limekwisha kurejeshwa. Kwa hiyo, makala haya yanapendekeza kumbukumbu ibaki kuwa jina la kifaa, lakini ufundishaji ujengwe juu ya vitenzi vya ardhi: kutenga, kugawa na kurejesha.