Taifa na Dola: Upungufu wa Msemo Mmoja

Waandishi wa Kiswahili waelezapo siasa za Waarabu, imekuwa desturi kusema "mataifa ya Kiarabu". Msemo huo ni mwepesi, walakini waficha jambo lenyewe linalogombaniwa: je, Waarabu ni taifa moja lenye dola nyingi, au kila dola ni taifa mbali?

Kiarabu chatenga maneno mawili. Qawmiyya ni mafungamano ya Waarabu wote. Wataniyya ni mapenzi ya mtu kwa nchi yake, iwe Misri au Iraki. Kiswahili kilitwaa taifa kutoka neno ambalo kwa Kiarabu ni kundi au madhehebu, kikalipa daraja kubwa kuliko asili yake.

Tofauti hii si ya kamusi tu. Mkataba wa Jumuiya ya Nchi za Kiarabu, uliotiwa sahihi Kairo tarehe 22 Machi 1945, wataka mafungamano yaimarishwe, lakini kwa kuheshimu uhuru na mamlaka ya kila dola. Nacho kifungu cha 7, kama kilivyoandikwa mwaka 1945, kilisema kwamba uamuzi wa wengi ungezifunga zile tu zilizoukubali. Misri na Siria ziliungana mwaka 1958. Siria ikajitoa mwaka 1961.

Afrika haikuwa mbali na hayo. Nyerere, ambaye mwaka 1960 alikuwa tayari kuchelewesha uhuru wa Tanganyika kwa ajili ya shirikisho, ndiye aliyetoa shauri Kairo, Julai 1964, kwamba mipaka iliyorithiwa iheshimiwe. Somalia na Moroko hazikuridhika.

Huko Mafinga iko kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963. Katika jina hilo neno lafaa kabisa: taifa ni kitu kinachojengwa, na dola ndiyo mjenzi. Lakini barabara ipitayo Mafinga yaendelea Mbeya hata Tunduma, na huko Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka. Dola yakoma hapo, watu hawakomi.

Hapana budi basi kutenga. Umoja wa Mataifa ni jina lililokwisha kukaa, wala halibadiliki. Lakini mahali penye mjadala, dola iwe mamlaka yenye mipaka, na taifa liwe watu wajionao kuwa wamoja. Mwandishi asiyetenga hivyo huwa amekwisha kuamua shauri kabla ya kulisikiliza.